Mwaka Damu Yangu Ilipogoma

Tulimzika Anti Mbithe mwezi uliopita kule Ekalakala. Mpwa wake aliyepewa kazi ya kusoma wasifu alifika mahali akasoma kwamba marehemu alikuwa na huruma nyingi, kwa maana miaka mingi iliyopita, alipokuwa na hoteli yake Kyumbi, alimchukua msichana mmoja mgonjwa akamtunza hadi mwisho. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huzuni. Msichana mwenyewe nilikuwa nimeketi safu ya pili, nimejifunga leso mpya, kitambaa mdomoni, nikikohoa. Mama aliyekaa kando yangu alinigusa kwa kiwiko akanong'ona, "Ndunge, si ni wewe huyo?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na huo mwisho wanaousoma sijauona bado. Alicheka hadi ikabidi ajifunike uso kwa leso. Nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka kikohozi, na watu wa mbele wakageuka kunitazama kwa ile sura ninayoijua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa: sura ya mtu anayekupima jeneza kwa macho. Wanawake waliosema mwaka ule kwamba sitaiona Krismasi, wengine wao nimeshawazika. Nimepika kwenye matanga yao. Sisemi hivyo kwa furaha. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu akishasomwa kama marehemu akiwa hai ana haki ya kusema kilichotokea.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Mwaka ninaousimulia ulianza nilipomaliza Kidato cha Nne na kwenda kumsaidia Anti Mbithe Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa. Hoteli yake ilikuwa vyumba viwili vya mabati. Cha mbele kilikuwa na meza nne zilizopigiliwa plastiki ya maua, mabenchi, na kalenda ya mbegu za mahindi ambayo haikubadilishwa miezi. Cha nyuma kilikuwa na magunia ya mahindi na maharagwe, na katikati ya magunia kitanda changu. Nililala nikinusa maharagwe na moshi, na mpaka leo nikinusa gunia jipya la maharagwe nasikia nimefika nyumbani. Asubuhi tulipika chai na mandazi kwa madereva wa malori. Mchana ilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda yakapikwa na maharagwe, na chapati kwa wenye haraka. Siku ya Ijumaa mtu wa pikipiki alituletea kambare wazima kutoka bwawa la Masinga, wakipigapiga mikia ndani ya ndoo, na kazi yangu ilikuwa kuwakamata na kuwaua. Kambare hashikiki kwa mkono mtupu. Ngozi yake ni utelezi mtupu. Unachota majivu jikoni, unamrushia, ndipo mkono unapata pa kushika. Nilikuwa hodari kwa kazi hiyo, na madereva walisimama mlangoni kunitazama.

Kisha kikohozi kikaanza. Hakikuwa kikohozi cha msichana. Kilikuwa na sauti ya mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Nilipata nimonia, nikatibiwa, nikapona. Nikaumwa masikio, yakatoa usaha. Nikapata nimonia tena. Kila nilipotoka hospitalini nilikuwa nimepungua, na sketi ya shule iliyonibana sasa nilikuwa naifunga kwa pini. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa bati moja tu, na nje yake wanawake wawili walikuja kumenya viazi vya Anti kila asubuhi. Hawakujua, au walijua na hawakujali, kwamba kichwa changu kilikuwa upande wa pili.

"Hii ni nimonia ya pili, ama?"

"Ya pili. Na mashavu yameisha. Si unaona hata mikono?"

"Ngai. Na vile alikuwa mrembo. Hawa wasichana wa form four, wakiachiliwa tu hivi..."

"Huyo Krismasi haoni."

Nilikaa kitako nikaligonga lile bati kwa ngumi, na viazi vikasikika vikianguka ndani ya ndoo. "Krismasi nitaiona," nikasema kwa sauti. "Na chapati zenyewe mtakula nimepika mimi." Baada ya muda nikasikia kisu kikianza kumenya tena, polepole, kama kinachoogopa.

Nje ya mlango wetu, upande wa kulia, Syombua alikuwa na meza ya nyanya, vitunguu na sukuma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita wateja iliyofika ng'ambo ya barabara. Kyumbi yote ilijua Syombua ana virusi vya ukimwi, kwa kuwa mumewe alikufa navyo na yeye mwenyewe hakuficha. Siku ya kliniki alifunika meza yake kwa gunia akawaambia wateja, "Naenda kuchukua dawa zangu," kama mtu anayeenda kusagisha unga. Anti Mbithe alimpa chai kwenye vikombe vilevile vya madereva, na jioni tuliosha vyombo vya hoteli pamoja, mimi na yeye. Siku moja dereva mmoja alikataa kikombe chake, akasema amemwona yule mama wa nyanya akikinywea. Anti alikichukua, akamwaga chai yake mbele ya macho yake, akasema, "Hapa kikombe ni kimoja na sabuni ni moja. Ukitaka chako, kuja nacho kutoka kwenu." Dereva aliondoka na njaa. Nilikuwa nafuta meza ya karibu, na nilijisikia kama mtu aliyeshinda kitu ingawa sikuwa nimefanya lolote.

Kanisani mambo yalikuwa mengine. Akina mama wa kanisa letu walipika kwenye harusi, mazishi na michango, na sufuria kubwa zilitoka kwa Anti Mbithe, maana ni yeye tu aliyekuwa nazo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Kioko, mke wa fundi wa magari, mwanamke safi kupita kiasi, ambaye aliosha mchele hadi maji yakawa kama ya kunywa. Sikuwahi kumchukia. Alikuwa amezika dada zake, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ya kweli nayo inaumiza. Wakati wa harusi ya mwalimu wa kwaya nilifika jikoni kukata kabichi kama kawaida, akanitoa kisu mkononi.

"Ndunge, wewe kwanza keti."

"Sijachoka, Mama Kioko."

"Si mambo ya kuchoka. Ni hicho kifua. Watu wanaongea, na chakula ni ya watu. Enda upimwe, ukuje utuambie, ndio tujue tunakaa aje."

Wanawake wote waliinamia kazi zao. Nilingoja mmoja aseme kitu. Nilitoka nikakaa na Syombua, ambaye siku zote aliwekwa nje upande wa kuni, akivunja matawi kwa goti. Alinisogezea rundo moja la kuni, nikaanza kuvunja.

Nilienda Machakos nikapimwa. Walinitoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kikaratasi kinachotokeza mstari, tukangoja. Mshauri, kijana mpole aliyenuka sabuni, akaniambia hakuna virusi. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa cheo. Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye mlango wa jiko la kanisa nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nimepimwa. Sina." Mama Kioko alinifanya nirudie. Kisha akasema Bwana asifiwe, akanirudishia kisu, na wanawake wakaanza kuongea na mimi wote kwa pamoja, kama redio iliyowashwa ghafla. Syombua alikuwa kwenye kuni zake, hatua chache tu kutoka mlangoni. "Hongera," alisema, akaendelea kuvunja.

Muda si mrefu nikalala tena hospitalini, nimonia ya tatu, na hii nusura inichukue. Daktari wa Machakos alinitazama, akatazama eksirei, akasema kitu fulani hakiko sawa na hatanirudisha nyumbani tena bila kujua ni nini. Akanituma Nairobi. Ndivyo nilivyofika kwa Daktari Atieno, mwanamke mrefu wa kutoka upande wa ziwa, aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi wa kiatu. Alinitoa damu nyingi. Nilipopata nguvu za kutosha kukaa, alituita mimi na Anti Mbithe kwenye ofisi yake ndogo ambayo dirisha lake lilitazamana na jiko la hospitali, na chumba chote kilinuka kabichi. Anti alikuwa amekuja na chupa ya chai kutoka Kyumbi. Alimmiminia daktari kwanza, bila kuuliza kama anataka.

"Ndunge," daktari alisema, "damu yako haina kingamwili. Zipo kidogo sana, karibu na hakuna."

Akasogeza kikombe.

"Kuna chembe nyeupe za damu ambazo juu ya ngozi yao zimebeba vipokezi. Kila chembe na umbo la kipokezi chake. Chembe ikikutana na kijidudu kinachoingia sawasawa kwenye kile kipokezi, inaanza kuzaana. Wale watoto wake wanatengeneza vile vipokezi kwa wingi, wanaviachilia ndani ya damu viende kutafuta kijidudu popote kilipo. Hivyo vilivyoachiliwa ndivyo kingamwili. Chembe zako zipo. Nimeziona. Lakini kuachilia haziachilii. Zimegoma."

"Zimegoma kwa sababu gani?" Anti akauliza, kama mtu anayetaka kujua madai ya walimu.

"Hatujui, mama. Siku tukijua nitakupigia simu."

Alichukua kalamu akachora panda ya manati. Alisema kingamwili ina umbo hilo: matawi mawili ya juu hushika kijidudu, na mpini unabaki umetokeza nje. Halafu kuna chembe nyingine, zile za kumeza, ambazo zina vipokezi vyao vya namna nyingine, vilivyoumbwa kushika huo mpini. Zikiushika, zinavuta kila kitu ndani, panda na kijidudu pamoja, na kukisaga. Sasa kijidudu cha nimonia kimejifunika utelezi. Chembe za kumeza zinakigusa na kinaponyoka. Bila panda za kukishika kwanza, hazina pa kukamatia.

Anti Mbithe aliweka kikombe chini. "Kama kambare," akasema.

Daktari alimtazama, kisha akacheka kicheko kikubwa hadi nesi akachungulia. "Kabisa! Kama kambare! Kwetu pia wako. Nyinyi mnamshika na nini?"

"Na majivu."

"Basi kingamwili ndio hayo majivu."

"Kwa hivyo mikono iko," Anti akasema. Alikuwa ameinama mbele, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mtoto wangu mikono yake iko sawa."

"Iko sawa na ina nguvu. Majivu ndio hakuna."

Nimesomewa mambo mengi juu ya mwili wangu tangu siku ile, na watu wenye vyeo virefu, lakini sijawahi kusikia neno lililonikalia vizuri zaidi ya hilo. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa kwa macho kwamba nimeoza. Na hapa kulikuwa na mtu anasema mikono yangu iko, imenyooshwa, inangoja kitu cha kushika. Nikajiona jasiri. Nikasema, "Angalau ukimwi sina. Nilipimwa."

Daktari Atieno alivua miwani ikaning'inia kwenye uzi. "Ulipimwa kwa kidole? Kile cha mstari?"

"Ndiyo."

"Ndunge, kile kipimo hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Kwa mtu wa kawaida inatosha, ni kipimo kizuri. Lakini wewe hutengenezi. Kwako wewe kitanyamaza, uwe na kirusi usiwe nacho. Hatujui. Itabidi tupime kwa njia nyingine, inayotafuta kirusi chenyewe, na jibu litachukua muda."

Nilisikia sufuria zikigongana kule kwenye jiko la hospitali. Nilifikiria ule mlango wa jiko la kanisa, na mimi nimesimama hapo nikitangaza, na wale wanawake wakinirudia wote kwa pamoja. Kilichonipanda hakikuwa hofu. Kwanza nilidhani ni hofu, lakini hofu hukaa tumboni, na hii ilikaa mikononi. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimepewa kisu kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kikaratasi, na mstari wenyewe ulikuwa hauongei juu yangu hata kidogo. Kama ningekuwa mtu wa kuwekwa nje siku ile, basi nilikuwa mtu wa kuwekwa nje leo. Na kama leo si mtu wa kuwekwa nje, basi nani alikuwa mtu huyo?

Tulirudi Kyumbi kungoja. Anti Mbithe hakusema neno juu ya jambo hilo hadi tulipofika hotelini, akawasha jiko, akapasha muthokoi, akanipakulia kwenye sahani ya bluu ambayo kila mtu aliitumia, akaketi mbele yangu. "Sikiza, mwiitu," akasema. Mwiitu ni msichana kwa Kikamba, na aliniita hivyo nilipokuwa nimefanya vizuri au vibaya sana. "Ukipatikana nayo, uko nayo. Usipopatikana, hauna. Sahani ni hii. Kitanda ni kile. Sasa kula kabla haijapoa." Nilikula. Nililia nikila, na yeye alijifanya anatafuta chumvi.

Syombua nilimwambia mwenyewe, nje kwenye benchi, mchana, bila kupunguza sauti. Nilimwambia kwamba kile kipimo changu hakikumaanisha kitu, na kwamba nangoja kingine. Alikuwa anapanga nyanya, kubwa chini, ndogo juu.

"Sasa ukikuta hauna," akasema, "utaenda tena kuambia Mama Kioko?"

"Sijui."

"Mi nauliza tu. Juu ile siku ulisema hauna, nilifurahi. Haki nilifurahi. Halafu nikajiuliza, na mimi nikitaka kukata kabichi nitasema nini?" Alichukua nyanya moja iliyopasuka, akaipangusa, akanipa nile. "Miaka yote mi huosha mikono kuliko hao wote. Hata hiyo hawajawahi niuliza."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayetaja hali ya barabara. Nilikula ile nyanya, na mpaka jioni maneno yetu yalikuwa yamezunguka Kyumbi nzima, maana dereva mmoja na wale wamenya viazi wawili walikuwa wameketi nyuma yetu.

Jibu lilikuja. Daktari Atieno alituambia mimi na Anti ofisini mwake. Najua wewe unayesoma ungependa kuambiwa lilisema nini. Wote wangependa. Nimeulizwa na wachungaji, na wachumba wawili, na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa anataka kuniajiri, na mwezi uliopita tu, mazishini, mtu aliniuliza kwa kuzungukazunguka. Jibu hilo lilikuwa langu, na la daktari, na la Anti Mbithe ambaye ameenda nalo. Silisemi hapa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nililisikia, nikashukuru kwa chai, nikauliza ni lini naanza dawa ya kingamwili.

Dawa yenyewe ilikuja kwenye chupa ya kioo, maji yenye rangi ya chai ya majani machache. Sitaeleza hapa tulivyoipata. Aibu ya jambo hilo si yangu, ni ya nchi. Daktari alinieleza kwamba ni kingamwili za watu wengine, maelfu ya watu, zilizochujwa kutoka kwenye damu waliyotoa na kuchanganywa pamoja. Waliowahi kuugua surua wakapona, waliochanjwa, waliolala na nimonia wakaamka, kila mmoja ametia zake. Anti akauliza ni watu gani. "Hatuwajui, mama. Wengine wako nchi za mbali." Wakaniwekea dripu. Saa ya kwanza nilitetemeka na kichwa kikanigonga, nesi akaipunguza mwendo, kikatulia. Nililala pale nikitazama matone, na nikawaza juu ya wale watu. Bila shaka miongoni mwao kulikuwa na mtu ambaye asingekunywa kwenye kikombe changu. Bila shaka kulikuwa na Mama Kioko wao. Na kingamwili zake zilikuwa zinaingia mkononi mwangu zikishika kila kitu zilichokuwa zimejifunza kushika, bila kuuliza zimeingia kwa nani, na chembe zangu zilikuwa zinazidaka mipini.

Daktari alikuwa ameniambia hazitakaa milele. Kuna vipokezi vingine mwilini, alisema, ambavyo kazi yake ni kuziokoa zisisagwe mapema, ndiyo maana hudumu majuma kadhaa. Lakini mwishowe huisha, na itabidi nirudi, na nirudi tena, maisha yangu yote. Alisema kwa upole, kama anayenisomea hukumu. Nikamwambia nitarudi. Watu hurudi sokoni maisha yao yote na hakuna anayewahurumia.

Mabadiliko niliyasikia kwanza mdomoni. Chakula kilipata ladha. Nilimaliza sahani ya muthokoi, nikaomba nyingine, na Anti Mbithe alisimama na mwiko hewani akinitazama. Ijumaa moja mtu wa Masinga alileta ndoo yake, nikachota majivu, nikakamata kambare mkubwa kuliko wote, na madereva wakapiga makofi. Kikohozi hakikuondoka. Mapafu yangu yalikuwa yameshajaa makovu, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kinasikika kule mazishini. Lakini homa ziliondoka, na mwisho wa mwaka nilikuwa naivaa ile sketi ya shule bila pini.

Siku chache kabla ya Krismasi kanisa letu lilifungua ukumbi mpya, na wageni walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Anti Mbithe alileta sufuria zake zote kwa mkokoteni. Mimi nilitembea nyuma yake na kisu changu mwenyewe, na Syombua alikuja na magunia mawili ya kabichi aliyoyatoa kwenye biashara yake. Aliyaweka mlangoni, akageuka kuelekea kwenye kuni.

"Syombua," nikasema, "kuja tukate."

"Ah, mi niko sawa huku."

"Mi siko sawa. Kabichi ni nyingi."

Alisita. Mama Kioko akatoka jikoni akijipangusa mikono na leso.

"Ndunge, tumefurahi kukuona umenona," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Lakini tulisikia kile kipimo hakikufanya kazi. Ulipimwa tena?"

"Nilipimwa."

"Na?"

"Na nimekuja kukata kabichi."

"Si unajua nauliza nini."

"Najua, Mama Kioko. Hiyo siwezi kukuambia leo, na kesho siwezi. Mikono nimeosha. Syombua pia ameosha. Kama kuna mtu ako na kidonda mkononi, awe mimi ama awe wewe, akae kando mpaka kipone. Hiyo ndio sheria ya jikoni. Ingine mi sijui."

"Basi chakula ya kanisa hamtashika," akasema. "Mniwie radhi. Siwezi."

Ndipo niliposikia maji yakimwagika. Anti Mbithe alikuwa ameinamisha sufuria kubwa kuliko zote, ile iliyokuwa imeshajazwa maji ya mchele, na maji yalikuwa yanapita miguuni mwa akina mama kuelekea mferejini. Alipomaliza aliiweka juu ya mkokoteni. Akaishika ya pili.

"Mbithe, unafanya nini?"

"Narudisha vyombo zangu Kyumbi. Hawa wawili ndio huziosha kila siku, na nyinyi mmekuwa mkizipikia miaka yote. Kama mikono yao ni mbaya, sufuria pia ni mbaya."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuliwaza hilo. Niliona likiwafikia mmoja baada ya mwingine. Mmoja wa wale wamenya viazi alianza kucheka, akajiziba mdomo. Wageni walikuwa wameshaanza kufika; tulisikia magari. Wanawake wawili walivua leso zao wakaenda zao, na mpaka leo hatusalimiani. Mama Kioko alitazama sufuria, akanitazama mimi, kisha akasogea kutoka mlangoni. Hakusema ndiyo. Alisogea tu, akaenda kuosha mchele.

Niliingia. Syombua aliingia nyuma yangu, na akachagua mahali katikati ya meza, kwenye mwanga. Alikata kabichi nyembamba kama nyuzi, haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na baada ya muda mwanamke mmoja akamuuliza kisu chake alikinoa wapi, na maongezi yakaanza. Nilipika chapati, kama nilivyoahidi kupitia kwenye bati. Tulipakua sote, na watu wakala, na wengine wakarudi kuongeza.

Mama Kioko hakuja kupakuliwa. Aliketi kwenye kiti cha mwisho ukumbini, mikono mapajani, akitazama mbele. Syombua alimwona. Alichukua sahani, akaweka wali, nyama, kabichi nyingi, na chapati juu, akavuka ukumbi wote mbele ya watu na kumwekea magotini. "Kula, Mama Kioko," nilimsikia akisema. "Umefanya kazi tangu asubuhi." Halafu akarudi kwenye sufuria. Watu wengi waligeuka kutazama kama yule mama ataila. Mimi sikungoja kuona. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, chapati bado zilikuwa moto, na nilikuwa na njaa.